Henry Fawcett, Kipofu Aliyetetea Malisho na Misitu ya Wote

Watu wengi wakisikia kutajwa elimu ya uchumi hudhani ya kuwa ni habari ya matajiri peke yao, au ni hesabu za fedha zilizofungwa katika vitabu vya wakubwa. Sivyo. Elimu hiyo huanzia shambani na jikoni. Huuliza: ni nani alimaye, ni nani avunaye, na mbona mara nyingi hao ni watu wawili mbalimbali? Katika makala haya napenda kuwasimulia wasomaji habari za mwalimu mmoja wa elimu hiyo, Mwingereza, jina lake Henry Fawcett. Mtu huyu aliuchunguza ukulima wa nchi yake, akaona jinsi maskini walivyoondolewa katika ardhi kwa njia ya sheria, akasimama Bungeni kuwatetea. Tena aliyafanya hayo yote naye hali ni kipofu.

Lakini habari zake hazifahamiki vema pasipo kujua kwanza desturi ya ardhi katika Uingereza ya zamani. Kila kijiji kilikuwa na makonde yake ya kulima, na nje ya makonde palikuwa na ardhi ya shirika, yaani malisho, vichaka na misitu. Ardhi hiyo ilikuwa na bwana wake, kabaila wa mahali pale, lakini wanakijiji nao walikuwa na haki zao juu yake. Huyu alikuwa na haki ya kulisha ng'ombe, huyu nguruwe na mabata bukini, na huyu haki ya kukata matawi kwa kuni za wakati wa baridi. Haki hizo nyingi hazikuandikwa katika karatasi. Zilishikwa kwa desturi, baba akimwachia mwana. Sisi tukaao vijijini hatuna haja ya kufundishwa thamani yake. Mtu asiye na shamba, ikiwa ana mahali pa kulishia ng'ombe mmoja na pa kuokotea kuni, si maskini kabisa. Watoto wake hupata maziwa, na nyumba yake hupata moto.

Hata ikafika zamani za kuzungushia ua ardhi ile. Wenye mashamba makubwa walisema, ardhi ya shirika hailimwi vizuri, maana mali ya wote haina mtunzaji. Afadhali igawanywe, kila mtu apewe sehemu yake aitie ua, ailime kwa ustadi. Wakaenda Bungeni kuomba sheria. Tangu mwaka 1604 hata mwaka 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za namna hiyo, na ardhi iliyotiwa ua kwa sheria hizo ilipata ekari milioni 6.8, yaani zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya England yote.

Wala tusiseme ya kuwa neno lao lilikuwa la uongo tupu. Ni kweli kwamba mahali pengi mavuno yaliongezeka, na mifugo ikanenepa. Lakini kuongezeka kwa mavuno ni jambo moja, na kujua ni ghala ya nani iliyojaa ni jambo jingine. Mwenye shamba kubwa alipewa sehemu kubwa. Mwenye haki ndogo alipewa kipande kidogo, kisha akatakiwa alipe gharama za ua na za wanasheria. Wengi wakashindwa, wakauza. Na yule mpangaji wa kibanda, aliyekuwa akilisha ng'ombe wake kwa desturi tu, mara nyingi hakupata kitu, maana sheria ilisema haki ni ya mwenye nyumba, si ya akaaye ndani yake. Arthur Young, mtaalamu mashuhuri wa ukulima wa zamani zile, kwanza aliyasifu sana mambo ya kutia ua. Lakini baada ya kutembea na kuwauliza maskini wenyewe, alikiri kwa maandishi mwaka 1801 kwamba sehemu kubwa sana ya sheria zile ziliwadhuru. Watu wachache walimsikiliza.

Basi Henry Fawcett alizaliwa katika mji wa Salisbury mwaka 1833. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nguo, na baadaye akawa mkulima, kwa hiyo kijana alikua akiona hali ya vibarua wa mashamba, waliokuwa wakipata mshahara mdogo sana, shilingi 10 hivi kwa juma, na humo walishe mke na watoto. Alisoma katika chuo kikuu cha Cambridge, akafaulu vizuri sana katika hesabu mwaka 1856, akawa akijitayarisha kwa kazi ya sheria, akitumaini kuingia Bungeni siku moja.

Siku ya tarehe 17 Septemba, mwaka 1858, alikwenda na baba yake kuwinda kwale katika kilima kilicho karibu na Salisbury. Ndege akaruka, baba yake, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia, akapiga bunduki asione ya kuwa mwanawe yupo mbele. Marisau yakapenya miwani aliyovaa kijana, yakaingia macho yote mawili. Tangu saa ile Henry Fawcett hakuona tena nuru ya jua. Umri wake ulikuwa miaka 25.

Aliyemtia upofu ni baba yake ampendaye, na huzuni ya mzee yule ilikuwa kubwa kuliko ya kijana mwenyewe. Fawcett akakata shauri mapema kwamba upofu usiyageuze makusudi yake. Akaendelea kupanda farasi, kuvua samaki, kuvuta makasia, na wakati wa baridi kuteleza juu ya barafu pamoja na rafiki zake. Vitabu alisomewa na watu wengine, na makala zake aliandikiwa, yeye akisema kwa kinywa. Mwaka 1867 alimwoa Millicent Garrett, ambaye baadaye alikuwa kiongozi mashuhuri wa wanawake wa Uingereza waliodai haki ya kupiga kura. Mke huyu alikuwa macho yake na mkono wake wa kuandikia.

Mwaka 1863 Fawcett alitoa kitabu kikubwa cha elimu ya uchumi, na mwaka huo huo akachaguliwa kuwa mwalimu mkuu wa elimu hiyo katika Cambridge, kazi aliyoishika mpaka kufa kwake. Mwaka 1865 mji wa Brighton ulimpeleka Bungeni. Mwaka huo pia alitoa kitabu kingine juu ya hali ya mfanya kazi wa Uingereza. Humo alichunguza umilikaji wa ardhi, mishahara, vyama vya ushirika, na sababu za watu kuhama nchi yao. Alionyesha kwamba nchi yaweza kuongezeka utajiri mwaka kwa mwaka, na papo hapo kibarua wa shambani akabaki palepale, au akarudi nyuma. Zamani kibarua alikuwa na mshahara wake, na juu yake alikuwa na ng'ombe, kuku, nguruwe na kuni kutoka katika ardhi ya shirika. Ardhi ilipotiwa ua alibaki na mshahara peke yake. Ukitazama daftari la mshahara hutaona kwamba amepoteza kitu, maana maziwa ya ng'ombe wake hayakuandikwa kamwe katika daftari. Hapo ndipo macho ya kipofu yalipoona yale ambayo wenye macho waliyapita.

Zamani zile palikuwa na halmashauri iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1845 kuyaangalia maombi ya kutia ua ardhi. Kila mwaka halmashauri iliyakusanya maombi katika mswada mmoja, na kwa desturi mswada ule ulipita Bungeni bila majadiliano. Ulihesabiwa kuwa ni jambo dogo, lisilowapasa watu kupoteza usingizi. Mwaka 1869 Fawcett aliomba asomewe mswada wa mwaka ule tangu mwanzo hata mwisho. Akakuta ya kuwa ekari 6,916 zitatiwa ua; na katika hizo ekari 3 tu zimetengwa kwa michezo na mapumziko ya watu wote, na ekari 6 kwa bustani za maskini. Msomaji na afanye hesabu hiyo mwenyewe: katika kila ekari 768, umma umeachiwa ekari 1.

Fawcett akasimama kuupinga. Wabunge wenzake wengine walimchukia, kwa kuwa wenyewe ni wenye ardhi, na wengine walimwona kama mtu anayesumbua watu kwa mambo madogo. Hakunyamaza. Akadai kamati iwekwe kuyachunguza mambo hayo tangu mwaka 1845. Kamati ilipowekwa, ilionekana kwamba katika muda wa miaka ile zaidi ya ekari 600,000 zilikuwa zimekwisha kutiwa ua, au zimo katika njia ya kutiwa ua, na zilizoachiwa umma hazikuzidi sana ekari 4,000. Watu wakashangaa. Hakuna aliyekuwa amezificha hesabu hizo; ni kwamba hakuna aliyekuwa amezijumlisha. Desturi ile ya kila mwaka ikasimamishwa, na mwaka 1876 ikatungwa sheria mpya iliyotaka kutia ua kusikubaliwe ila kuonekane wazi faida yake kwa wenyeji wote.

Mpaka hapa tumesema habari za vijijini. Lakini jambo hili lilikuwa na upande wa pili, nao ni wa mijini. Mwaka 1801 mji wa London ulikuwa na watu karibu milioni 1. Mwaka 1871 walikuwa zaidi ya milioni 3. Wengi wao walikuwa ni watoto wa vibarua wale wale waliopoteza malisho, wakaja mjini kutafuta kazi. Walikaa katika vyumba vyembamba, jamaa nzima chumba kimoja, na moshi wa makaa ulifunika anga. Na kadiri mji ulivyokua, ndivyo bei ya ardhi iliyo kando yake ilivyopanda, hata mabwana wa ardhi za shirika wakaona faida kubwa kuzitia ua na kuziuza kwa wajenzi wa nyumba. Hivyo maskini alifukuzwa mara mbili: kwanza katika malisho ya kijiji, kisha katika uwanda aliokwenda kupumzikia siku ya sikukuu.

Ili kuzuia jambo hilo, mwaka 1865 George Shaw-Lefevre na wenzake waliunda chama cha kuhifadhi ardhi za shirika. Mwanauchumi mkuu wa zamani zile, John Stuart Mill, aliwaunga mkono, naye Fawcett akawa mmoja wa watetezi wao hodari. Vita yao kubwa ilikuwa juu ya msitu wa Epping, ulio kaskazini-mashariki ya London.

Jirani na Epping palikuwa na msitu mwingine, jina lake Hainault. Mwaka 1851 Bunge liliruhusu msitu ule uondolewe, na miti ya mialoni ya miaka mingi ikang'olewa ili pawe mashamba. Zaidi ya miaka 50 baadaye, serikali ya mji wa London ilibidi inunue sehemu ya ardhi ile, ekari kama 800, na kuipanda miti upya, hata mwaka 1906 ikafunguliwa tena kwa watu wote. Kilichokuwa chao bure walikirudisha kwa fedha, na mwaloni hauoti kwa siku moja.

Sasa mabwana wa Epping nao walianza kufuata njia hiyo. Katika kijiji cha Loughton bwana wa ardhi, ambaye pia alikuwa kasisi wa mahali pale, alizungushia ua zaidi ya ekari 1,000 za msitu. Lakini wenyeji wa Loughton walikuwa na haki ya kale ya kukata matawi ya miti kwa kuni, kuanzia usiku wa manane wa Novemba 11 hata Aprili 23, nao walishika ya kwamba haki hiyo isipotumiwa usiku ule itapotea. Mzee mmoja, mfanya kazi wa kawaida, jina lake Thomas Willingale, hakukubali kuiacha. Mwaka 1866 mwanawe na jamaa zake wawili walishitakiwa kwa kukata matawi, wakakataa kulipa faini, wakatiwa gerezani. Mzee hakutishika. Kwa msaada wa chama kile alimshitaki bwana wa ardhi, akaishikilia kesi mpaka alipokufa mwaka 1870, hukumu ingali bado.

Mwaka huo huo, mwezi wa Februari, Fawcett alisimama Bungeni akatoa hoja kwamba Malkia aombwe azilinde haki za dola katika msitu wa Epping, ili msitu ubaki wazi kwa mapumziko ya watu. Bunge likakubali. Baadaye serikali ilitaka kupatana na mabwana kwa kuacha sehemu ndogo tu kwa umma. Fawcett na wenzake wakalikataa shauri hilo.

Ndipo msaada ulipotoka mahali pasipotazamiwa. Baraza la Jiji la London lilikuwa limenunua ardhi mpakani mwa msitu kwa ajili ya makaburi, na ardhi ile ilikuwa na haki ya kale ya malisho. Robert Hunter, mwanasheria wa chama, alionyesha kwamba msitu wote ni malisho mamoja, na kila mwenye haki ana haki popote ndani yake. Basi Baraza likawashitaki mabwana mwaka 1871, likidai haki ya kulisha ng'ombe, kama mwanakijiji yeyote. Mwaka 1874 hakimu George Jessel alihukumu kwamba nyua zote zilizowekwa kinyume cha haki tangu mwaka 1851 ni batili. Mwaka 1878 ikatungwa sheria kwamba msitu wa Epping ubaki wazi milele, usitiwe ua wala kujengwa, na Baraza liutunze kwa ajili ya watu wote. Wenyeji wa Loughton waliiacha haki yao ya matawi ili miti ikue, wakalipwa fidia ya pauni 7,000, na sehemu kubwa ya fedha hiyo ikajenga ukumbi wa kijiji. Tarehe 6 Mei, mwaka 1882, Malkia Victoria alikuja mwenyewe kuufungua msitu kwa raia zake. Msitu huo upo hata leo, ekari karibu 6,000.

Wapinzani wa Fawcett walimwuliza swali moja ambalo si la kipumbavu: Je, wewe mwalimu wa uchumi, wataka ardhi ikae bure na watu wana njaa? Jibu lake lilikuwa la mtu aliyepima pande zote mbili. Hakukataa kwamba ardhi nzuri ilimwe. Lakini tangu ushuru wa nafaka ulipoondolewa mwaka 1846, ngano iliingia Uingereza kutoka nchi za nje, na ardhi nyingi za shirika zilizobaki zilikuwa za mchanga na mawe, zisizoongeza mkate mwingi. Tena, faida ya ardhi haipimwi kwa magunia na kwa kodi peke yake. Uwanda anaochezea mtoto wa fundi, na kivuli anachopumzikia kibarua, hauna bei sokoni, kwa hiyo mwenye kuhesabu bei tu husema hauna thamani. Hilo ni kosa la hesabu. Kitu kinaweza kukosa bei kwa sababu hakijauzwa bado, si kwa sababu hakifai. Na kikiisha kuuzwa, maskini hana fedha ya kukinunua tena.

Mwaka 1880 Fawcett alifanywa Mkuu wa Posta wa Uingereza. Hata katika kazi hiyo aliwakumbuka wenye kipato kidogo. Aliweka utaratibu wa mtu kununua stempu za peni moja na kuzibandika katika karatasi. Zikitimia 12, yaani shilingi 1, huziweka akiba katika benki ya posta. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka 1883 akaanzisha upelekaji wa vifurushi kwa posta. Lakini afya yake ilikuwa imepungua, na tarehe 6 Novemba, mwaka 1884, alikufa katika Cambridge, umri wake miaka 51.

Nyumba yake ya London ilikuwa mtaa wa Lambeth, nayo ilikuwa na bustani. Baada ya kufa kwake wajenzi walitaka kujenga nyumba katika viwanja vile. Mkewe Millicent na rafiki yake Octavia Hill, mtetezi wa maskini wa London, pamoja na wengine wakafanya bidii viwanja vile vinunuliwe kwa ajili ya umma, na mwaka 1890 mahali pale pakafunguliwa kuwa bustani ya watu wote, iitwayo Vauxhall Park. Hivyo palepale alipokuwa akitembea kipofu yule ndipo watoto wa mtaa wanapochezea hata sasa.

Nimewaletea habari hizi kwa sababu zina mafundisho mawili. Kwanza, haki isiyoandikwa wala kutumiwa ni rahisi kupotea. Kama mzee Willingale asingalikwenda msituni na shoka yake usiku ule wa baridi, wanasheria wasingalikuwa na neno la kushikilia. Pili, sheria iwezayo kumnyima mtu malisho yake si lazima itungwe na watu wabaya. Yatosha itungwe na watu wasiosoma hesabu zake mpaka mwisho. Watu walio na macho walikuwa nayo mezani pao mwaka kwa mwaka. Aliyeisoma ni yule aliyelazimika kusomewa neno kwa neno. Basi tunapoletewa shauri lolote juu ya ardhi ya kijiji, hata likiwa na maneno mazuri namna gani, na tuombe tusomewe lote, kisha tuulize kama alivyouliza Fawcett: zile ekari nyingi ni za nani, na zile ekari 3 ni za nani?